Violezo Mia Sita na Kumi na Nane

Probox nyeupe ilikata kona ya Sosiot kwa magurudumu mawili.

Chepyegon hakupunguza mwendo.

Pikipiki yake ya Yamaha iliruka tuta la barabara ya murram, ikatua, ikayumba, ikanyooka. Kulia chai. Kushoto chai. Mbele vumbi jekundu, na ndani ya vumbi hilo, mtu ambaye Idara ya upelelezi ilikuwa imemsaka kwa miezi minane.

Redio ilikoroma sikioni mwake.

"Ghala kwa Mchumaji. Uko wapi?"

"Nyuma ya mzigo. Mita arobaini."

"Kuna ndege inamngoja. Asiifikie. Narudia, asiifikie."

"Nimekupata, Ghala."

Punda mwenye mitungi ya maziwa alitokea kwenye kichochoro, akasimama katikati ya barabara kama aliyeitiwa kikao. Probox ilimkwepa. Ikapiga mtaro, ikazama ndani ya shamba la chai, ikasimama.

Shina la chai lililopandwa kabla ya uhuru halisogei kwa sababu ya Probox.

Chepyegon alifika mlangoni bastola ya Glock ikiwa mkononi.

"Toka. Mikono juu."

Lindqvist alitoka polepole. Mzungu wa miaka hamsini, suti ya kitani, viatu vya bei. Alikuwa akila yai la kuchemsha. Kiini kilimganda kidevuni na hakujisumbua kukipangusa.

"Habari ya asubuhi, madam," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha msomaji wa taarifa. "Umeharibu chai ya watu."

Alinuka yai na manukato. Chepyegon alipumulia mdomoni.

Mfukoni mwa koti alipata kadi ya kumbukumbu ya SanDisk, ndogo kama ukucha. Mfuko wa pili ulikuwa na barua.

Aliisoma mara mbili. Kituo cha Miche cha Wakulima, kilichoko nje kidogo ya mji wa Kericho, kilimruhusu mshauri wake, Bwana Lindqvist, kuondoka na violezo vitupu 618 kwa matumizi ya ofisi. Sahihi mbili. Mihuri miwili.

"Violezo," Lindqvist alisema. "Ofisini mnaviita templeti. Magamba tu. Nembo, rangi, mahali pa kuandika kichwa. Mawasilisho yenyewe hayaruhusiwi kutoka, najua. Templeti zinaruhusiwa."

Chepyegon aliita redio.

Nyakundi, mkuu wake kule Ghala, alimtaka aisome barua yote kwanza.

"Barua ni halali, Mchumaji. Mshikilie mpaka saa sita. Usipopata kosa, anaenda na kadi yake."

"Mche wao mpya wa chai, maelezo yake yote, uko ndani ya hiyo kadi. Najua uko."

"Unajua. Sasa onyesha."

Saa ilikuwa tatu na nusu.

Sajini Onsongo wa polisi alipofika, alimwachia mshukiwa na kadi, kwa amri moja: mtu huyu asisogee kabla ya saa sita. Onsongo alipiga saluti. Alikuwa akitafuna muwa.

---

Daktari Priscillah Chepchirchir alimngoja kwenye geti la Kituo cha Miche, koti lake jeupe likiwa na udongo magotini.

"Chamgei, msichana wangu," alimsalimu.

"Chamgei mising, Daktari. Niambie kwa ufupi."

Priscillah alimwonyesha safu ya miche kitaluni. Majani yake yalikuwa mazito, ya kijani cha kuiva.

"Miaka kumi na minne. Nimeunganisha, nimeua, nimeanza tena. Ile baridi iliyochoma chai ya bonde lote, huu ulisimama tu. Nimewapa wakulima mia tatu wa Sosiot. Wameshapanda."

"Na Lindqvist akiusajili kwao kwanza?"

"Anahitaji daftari langu la mwisho tu, lile la vipimo na namna ya kuunganisha. Akilipata, mche ni wake kwa sheria. Wale watu mia tatu wataambiwa wang'oe." Sauti ilimkauka. "Wang'oe, unanisikia? Na wengine walikata mahindi ndio wapate mahali pa kupanda."

"Nani anashika kompyuta zenu?"

"Aron. Mtu mzuri. Mzee wa kanisa."

"Nipeleke kwake."

Ofisi ya Aron ilinuka soksi na siagi. Andazi lililoumwa nusu lilikaa juu ya kibodi, na herufi za kibodi zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya vidole. Kando yake kulikuwa na kikombe ambacho utando wa maziwa ulikuwa umeshikana juu yake kama ngozi.

Aron aliinuka, akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu chai, madam."

"Sinywi."

"Chai ya Kericho unaikataa? Ukiwa hapa hapa Kericho?"

"Chai siikatai. Nakataa kikombe."

Aron alicheka. Alikuwa na cheko la kupendeza, na hilo lilimchukiza Chepyegon kuliko andazi.

"Nionyeshe hiyo kazi ya templeti."

"Ni kitu kidogo." Aron alivuta kipanya. "Mawasilisho yetu ya miaka yote yalikuwa yamejaa hapa, kila karani na lake. Mshauri akasema tuyageuze yote mara moja. Unachagua folda. Unabonyeza hapa. Wasilisho linaingia huku, templeti inatoka kule. Maneno yanafutwa, takwimu zinafutwa, linabaki gamba. Kesho mtu akitaka ripoti, anajaza tu."

"Zote zinapita njia moja?"

"Zote mia sita na kumi na nane. Mara moja. Kugusa faili moja moja, nani ana hizo nguvu, madam?"

Chepyegon alichomeka kompyuta yake ya Toughbook, akanakili folda nzima, akaanza kufungua.

Ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu.

Nembo ya kituo ilikuwa imevutwa ikawa pana kama chapati. Faili moja ilikuwa na aina tisa za herufi. Vichwa vya habari viliingia vikizunguka, vikifuatwa na nyota zinazomweka. Kijani cha chai kilikuwa kimekuwa kijani cha kamasi. Mtu fulani aliitengeneza takataka hii, mtu mwingine akaigeuza iwe takataka ya kudumu, ili kila karani atakayezaliwa airithi.

Na kila moja ilianza na slaidi ile ile. Mikono miwili imeshikana. Chini yake: TUANZE NA MAOMBI.

Hilo halikumshangaza. Pande hizi hakuna kikao kinachofunguliwa bila maombi, na hakuna wasilisho lisilo na slaidi yake. Kulikuwa na kiolezo cha ripoti ya vyoo.

Nacho kilianza na maombi.

Alitafuta kwa maneno. Mche. Kuunganisha. Baridi. Hakuna. Aliangalia maelezo ya msemaji chini ya slaidi. Matupu. Ukubwa wa faili haukusaidia. Kila moja ilibeba mapicha yaleyale ya siku ya wakulima.

Saa nne na dakika hamsini. Alikuwa amekagua faili hamsini na mbili.

Alipiga hesabu. Kwa mwendo huo angemaliza saa nne za usiku, wakati Lindqvist akila chakula cha jioni kwao.

"Umepata kitu, madam?" Aron aliuliza, kwa upole wa mtu anayemngoja mgonjwa.

Chepyegon aliacha kufungua. Akabadilisha folda ionyeshe picha za slaidi za kwanza, zote kwa pamoja, safu baada ya safu.

Mikono. Mikono. Mikono. Mikono imeshikana skrini nzima, kama ibada ya Jumapili ikitazamwa kutoka juu ya dari.

Alishusha taratibu.

Pengo.

Akashusha tena. Pengo jingine. Slaidi ya kijani, bila mikono, bila maombi.

Alihesabu. Tisa.

"Aron."

"Naam, madam."

"Umesema zote zilipita njia moja."

"Ndiyo."

"Umesema hukugusa hata moja kwa mkono."

Aron alianza kukusanya makombo ya andazi mezani.

"Mashine haichagui nani aombe na nani asiombe. Hizi tisa, nani alizitoa maombi?"

Aron alitazama mlango. Priscillah alikuwa amesimama pale.

Chepyegon alifungua ya kwanza kati ya zile tisa. Nyuma ya nembo, pembeni, kulikuwa na kitone kama punje ya wimbi. Alikishika kwa kipanya, akakivuta. Kilitanuka. Kikatanuka tena. Kikawa ukurasa mzima wa daftari uliopigwa picha, wino wa buluu, vipimo, mishale, tarehe.

Priscillah alisogea karibu.

"Huo ni mwandiko wangu," alisema.

Alifuata mshale mmoja kwa kidole hadi kwenye tarehe.

"Singeweza, Daktari," Aron alinong'ona. "Zile nyingine ziko sawa, ni safi. Lakini hizi... Mimi ni mzee wa kanisa. Kuweka kitu cha wizi chini ya jina la Mungu? Mkono ulikataa."

"Ulikataa hapo tu?" Chepyegon aliuliza. "Kwingine kote ulikubali?"

"Aron," Priscillah alisema. "Jumamosi ulikuwa kwangu. Ulikunywa maziwa yangu ya mursik ukaongezewa. Ukabariki watoto wangu."

Aron alikuwa analia sasa, makamasi yakishuka bila kupanguswa.

"Walikuahidi nini?" Chepyegon aliuliza.

"Semina."

"Nini?"

"Semina ya kimataifa. Siku nne. Kule kwao." Alimeza mate. "Na cheti."

Chepyegon alichomoa pingu. Alishakamata watu waliouza siri kwa hofu. Alishakamata mama aliyeuza ramani ili mwanawe afanyiwe upasuaji, na usiku huo hakulala. Lakini huyu. Wakulima mia tatu, miaka kumi na minne, kwa karatasi ya kutundika ukutani juu ya kikombe kichafu.

Alimfunga pingu bila kumgusa ngozi.

"Mchumaji kwa Onsongo. Tumepata. Mfunge pingu Lindqvist."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya muwa ukitemwa.

"Madam... tumemwachilia, na kadi yake."

"Bado ni saa tano na dakika kumi!"

"Wakili wake alipiga simu kwa wakubwa. Nikaambiwa nisiwe mgumu. Mzungu mwenyewe akasema nisijali, hata akaniachia mayai mawili."

Chepyegon alikuwa tayari juu ya Yamaha.

---

Uwanja wa ndege ulikuwa ukanda wa nyasi katikati ya mashamba makubwa. Ndege ndogo, Cessna, ilikuwa mwisho wa ukanda, propela ikizunguka. Lindqvist alikuwa anapanda ngazi.

Mita mia nne. Pikipiki haiwezi kuzuia ndege.

Ukingoni mwa ukanda kulikuwa na trekta la New Holland na tela lililojaa majani mabichi. Mwanamke mnene mwenye aproni ya plastiki alikuwa kwenye usukani, akingoja ndege ipite.

"Mama, nipe trekta!"

"Wewe ni nani?"

"Serikali!"

"Serikali gani inakuja na pikipiki? Niko na kilo elfu mbili hapa, zikichomwa na jua kiwanda kinazikataa!"

"Yule pale anaondoka na mche wa baridi. Ule wa Sosiot."

Mama alitazama ndege. Alitema mate kando.

"Ule nimepanda mashina mia nane," alisema. "Shika vizuri."

Akakanyaga mafuta mwenyewe.

Trekta liliingia ukandani likinguruma, tela likiyumba nyuma, majani yakimwagika. Cessna ilikuwa imeanza kukimbia. Rubani aliona. Breki zililia. Ndege iligeuka upande, bawa likakata nyasi, ikasimama hatua kumi kutoka kwenye tela.

Mlango ulifunguka. Lindqvist aliruka, akakimbilia chai.

Hakuna anayekimbia kwenye chai asiyezaliwa ndani yake. Mashina yalimshika mapaja. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Chepyegon alimfuata kwa njia za wachumaji, bila haraka, kisha akamrukia.

Lindqvist alitia kitu mdomoni.

"Tema!"

Chepyegon alimbana taya, akaingiza vidole viwili. Ulimi. Meno. Mabaki ya yai.

Koo la Lindqvist lilipanda, likashuka.

Alimeza.

Kisha akatabasamu, kiini kikiwa bado kidevuni.

"Kadi gani, madam?"

Chepyegon aliutoa mkono wake. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo. Aliutazama kama kitu kisicho chake.

"Ghala kwa Mchumaji. Hali ya mzigo?"

"Hauendi mahali. Kadi iko tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

"Mwa mwenyewe."

Nyakundi alikohoa.

"Tuna nakala kwenye kompyuta ya Aron," Chepyegon aliendelea. "Faili tisa, mwandiko wa Daktari, na Aron anaimba kila kitu. Lakini ile kadi ni kielelezo. Mahakama itaitaka."

"Sasa nani ata..."

"Onsongo. Yeye ndiye alimwachilia. Ataketi naye, ataingoja, ataiosha, ataiweka kwenye bahasha. Kwa sahihi yake."

Land Cruiser ya polisi ilifika dakika ishirini baadaye. Onsongo alishuka, akaambiwa kazi yake. Muwa ulimwanguka mkononi.

Simu ya Chepyegon ilitetemeka. Priscillah.

"Wako hapa kitaluni, wale wa Sosiot. Wananiuliza kama wang'oe. Niwaambie nini?"

"Waambie waweke mbolea."

Alisikia vigelegele kabla simu haijakatika.

Mama wa trekta alikuwa akirudisha majani yaliyomwagika ndani ya tela, kwa mikono yote miwili, akilaani wazungu, marubani na serikali kwa zamu. Lindqvist aliketi kwenye nyasi, pingu mikononi.

"Wewe ni mtu wa akili," alimwambia Chepyegon. "Tunaweza kuelewana. Taja kitu unachotaka. Kitu chochote."

Chepyegon alichuchumaa mbele yake. Alitazama kidevu chake. Kisha mkono wake mwenyewe.

"Sabuni," alisema.

Mama alimrushia kipande kutoka kwenye mfuko wa aproni. Chepyegon alikidaka kwa mkono ule safi, akaenda kwenye bomba la banda la mizani, akanawa hadi viwikoni. Akanawa tena. Akakausha mikono kwa upepo, akavaa glavu, akaelekea kwenye Yamaha bila kugeuka.