Waliutazama Mdomo Tu

Ndugu zangu, nawasimulia yaliyoipata nyumba ya jirani yangu hapa Savelugu. Wenye watoto, nisikilizeni kwa makini.

Asubuhi ile uani kwa Neindow kulikuwa na shangwe. Mkewe, Napari, alikuwa akikoroga siagi ya kokwa za mti wa shea, na sisi wanawake tukipokezana binti yao mchanga, Wumpini, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka mpaka puani. Walikuwa wametoka naye hospitali mjini Tamale. Mdomo ulikuwa umeshonwa, kovu jembamba kama uzi.

"Mtazameni!" Neindow alisema, kifua mbele. "Nani sasa ataniambia nimezaa sungura?"

Tulicheka, isipokuwa Napari. "Daktari kasema tumrudishe mvua zikiisha," alisema. "Ndani, kwenye kaakaa, bado kuna tundu. Wanataka waone mdomo ulivyopona, halafu walizibe."

"Kaakaa nani analiona?" mumewe akamkatiza. "Tukionekana tena hospitali, watu watasema mtoto bado ana kasoro. Yamekwisha, mama Wumpini. Usinirudishe huko."

Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Uji ulimtoka Wumpini puani. Masikio yakatoa usaha. Bibi yake akayatia mafuta ya vuguvugu, usaha ukakauka, kisha ukarudi. Alipoanza kusema, maneno yalipitia puani, hata mimi nilikuwa nabahatisha tu. Nesi alipokuja kuuliza kwa nini hawarudi, Neindow alimwambia mtoto kasafiri. Mtoto yuko jikoni, anasikia! Jamani, aibu gani hii?

Shuleni wenzake walimwita Nyuki. Nyumbani baba yake alimkaripia: "Sema vizuri! Mdomo si tumekushonea? Au ni jeuri?" Kidogo kidogo Wumpini akanyamaza. Akitaka maji, alionyesha kwa kidole.

Siku mwalimu alipokuja kusema kwamba mtoto hasikii hata kengele, Napari alijifunga kitambaa kichwani. "Mimi nampeleka hospitali. Ukitaka, nifukuze nikirudi." Akaniomba nimsindikize. Neindow akatufuata nyuma, amenuna.

Daktari, mama mmoja mpole, aliukagua mdomo: ulivyoungana, ulivyokaa sawa pande zote, pua ilivyolala kidogo upande. "Hapa kazi ilikuwa nzuri," alisema. Neindow akatabasamu. Kisha daktari akashika kioo kidogo chini ya pua ya mtoto, akamwonyesha Neindow kwa kidole. "Haya, mwite baba."

Wumpini alimtazama baba yake, akasita. "Mama," akasema. Kioo kikaingia ukungu.

"Umesikia?" Neindow alifoka. "Ndivyo anavyonidhihaki! Namkanya kila siku!"

"Hakudhihaki, mzee," daktari alisema. "Amesema baba. Pumzi yote inatoroka kwenye lile tundu na kutokea puani, ndiyo maana neno linageuka. Miaka yote hii amekuwa akikuita baba."

Neindow alikaa sakafuni pale pale, viti vikiwa vitupu.

Walipompima masikio, la kushoto lilikuwa limekufa kwa usaha ule wa miaka, ambao daktari alisema huletwa na kaakaa lililo wazi; la kulia likisikia kwa mbali. Kaakaa lilizibwa baadaye, na uji haumtoki tena puani. Lakini ulimi ulikwisha kuzoea vibaya, na sikio lililobaki halitoshi kumfundisha upya. Shule aliiacha.

Siku hizi Neindow hukaa karibu naye akichambua kokwa za shea, akimuuliza hili na lile kwa sauti kubwa. Wumpini hainui kichwa. Wakati mwingine hasikii. Wakati mwingine, naamini, anasikia.

FUNZO

Mtoto akishonwa mdomo, matibabu hayajaisha. Mrudisheni kila mnapoitwa, akaguliwe mdomo, kaakaa, masikio na usemi, hata kama machoni penu amekwisha kuwa mzuri. Msipime kupona kwake kwa kile ambacho majirani wanakiona. Na mtoto akisema bila ninyi kumwelewa, msimgombeze. Mpelekeni kwa anayeweza kujua sababu, tena mapema, maana sikio likishakufa halifufuliwi na majuto ya mzazi.