Nakala Iliyozidi

Nakala hutakiwa ilingane na kitu chenyewe. Kwa nini nakala ya tovuti ya Mwalimu ilianza kuwa kubwa kuliko tovuti, hilo sijapata kulifumbua, na waliolishuhudia hawajalifumbua pia.

Mwalimu alikuwa mshonaji. Kabla hajafariki alirekodi masomo mia mbili ya kukata na kushona, na mwanawe, ambaye nyumbani wanamwita Fundi, akayaweka kwenye tovuti. Siku moja mitambo ya kampuni iliyokuwa ikiihifadhi iliharibika, sauti ya mama ikapotea wiki nzima. Ilipopatikana, Fundi aliapa haitapotea tena. Huduma za bei kubwa hakuziweza, akabuni njia yake: kila adhuhuri kompyuta kuukuu ya chumba cha cherehani ilivuta nakala na kuiweka kwenye diski mbili, moja kabatini, nyingine kwa shangazi yake, kupitia mtandao. Ili nafasi itoshe, zilibaki nakala za siku saba tu. Ya nane iliifuta ya kwanza.

Dada yake ndiye aliyeona.

"Kaka, tovuti ina masomo mia mbili. Nakala ina mia mbili na moja."

"Ah, mashine imezeeka kama mwenyewe. Itajirekebisha."

Siku tisa zikapita. Chumba kikaanza kunuka uzi ulioungua. Jua likifika utosini, pedali ya cherehani ilisikika ikikanyagwa, na aliyefungua mlango alikuta kifuniko kimetulia juu ya cherehani, hata vumbi lake halijaguswa. Ndipo walipolifungua somo la ziada.

Sauti ilikuwa ya mama, na kikohozi chake kile kile, ikifundisha vazi lisilo na mikono, lisilo na shingo, lisilohitaji kifungo, na kila baada ya hatua chache ikisita na kutaja kipimo kimoja tu, urefu, tena na tena, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mteja asiyetaka kunyooka.

"Sentimita mia moja na kumi na mbili," dada mtu alinong'ona. "Kaka, huo ni urefu wa Chiriku."

Chiriku alikuwa binti wa dada huyo, wa miaka sita, mtoto asiyefunga mdomo. Ilikuwa siku ya tatu hajatamka neno, amelala chali chumba cha pili, mikono ubavuni.

Mganga aliyeitwa alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia.

"Kuna aliyeingia humu, amevaa sauti ya mama yenu," alisema chini chini. "Kila mnapomnakili mnampa mwili mwingine. Mnayo nakala ya kabla hajaja?"

Fundi alihesabu kwa vidole, kisha akakaa sakafuni. "Nilibana nafasi, mzee. Zimebaki za siku saba. Zote yumo."

"Basi zote zifutwe. Na tovuti pia. Huko ndiko anakochota sauti."

"Hiyo ni sauti ya mama yangu!"

"Ni mama yangu pia," dada yake alisema. "Na yule kule ndani ni mwanangu."

Simlaumu Fundi kwa kuing'ang'ania sauti ile. Alikuwa amemlinda mama yake kwa kile alichokuwa nacho.

Iliamuliwa zifutwe adhuhuri ile ile. Alianza na diski ya shangazi, akaja kwenye ya kabatini, na huku akifanya hivyo pedali ikazidi kwenda mbio, harufu ya uzi ikawakaba, na spika ambazo hazikuwa zimewashwa zikamuuliza lile ambalo mama alimuuliza kila alipoingia nyumbani: "Umekula, mwanangu?"

"Usijibu," mganga alisema.

Chumba cha pili Chiriku akaomba maji.

"Ameongea!" Fundi akageuka. "Mzee, si tuiache tovuti? Tovuti tu?"

Mganga akatikisa kichwa. Dada yake akanyoosha mkono akishike kipanya yeye. Fundi akausogeza mkono ule taratibu.

"Umekula?"

Tovuti ilifutwa saa saba na dakika kumi. Aliyeifuta ni Fundi mwenyewe, na hakujibu.