Samaki Aliyeitwa Mzee

Mimi ni fundi wa magari, mtu wa grisi na spana, na habari za uchawi nilikuwa nazicheka mpaka mbavu zinauma. Sasa sicheki. Haya yametokea nyumbani kwetu, na mdogo wangu hadi leo hajapata njia ya kutoka.

Huyo mdogo wangu tulimwita Dokta tangu yuko shule ya msingi, kwa jinsi alivyopenda kupasua panzi. Akasoma hadi akaufikia udaktari wenyewe, ule wa utafiti. Kazi yake ilikuwa samaki. Samaki wadogo kama kidole cha mtoto, wenye mistari kama punda milia, wamejaa kwenye matangi ya kioo katika chumba kisicho na dirisha. Siku ya kwanza aliponipeleka nilimuuliza kama wanafaa kukaanga. Akanifinya.

"Kaka, sikiliza," akasema. "Ukimkata huyu kipande cha moyo, kinaota tena. Cha mtu hakioti. Na hawa wa pembeni wamezaliwa na ugonjwa wa baba. Misuli ya moyo inanenepa, inanenepa, mpaka damu inakosa nafasi. Nataka kujua kwa nini misuli ikikua kwa mmoja inaponya, kwa mwingine inaua."

Utani ukaniisha. Baba yetu wakati huo alikuwa hafiki chooni bila kushikwa, na daktari wa moyo alishatuambia tujiandae.

Mle ndani samaki hapewi jina. Anapewa namba tu, maana mwisho wa utafiti wote wanauawa, na kumuua uliyemzoea ni kazi ngumu. Dokta alilijua hilo vizuri. Lakini kulikuwa na mmoja mgonjwa, mzito, anayehema peke yake pembeni, na mdogo wangu alimwona baba ndani yake. Akamwita Mzee. Siku ya kumpasua, alipomlaza kwenye sponji amelewa dawa ya usingizi, alimwinamia akamnong'oneza, "Pona, Mzee. Na wewe kule nyumbani upone."

Samaki akapona. Wiki hiyohiyo baba akaamka, akatembea mwenyewe hadi uani, akaomba chai. Mama alilia kwa furaha, mimi nikacheza kama mwendawazimu. Daktari akampima, akarudia kumpima, akasema moyo umekuwa kama wa kijana.

Kisha baba akaanza kukaa kimya mbele ya dirisha lililofungwa, paji la uso likigusa kioo. Akawa anatembea bega likisugua ukuta. Akifika kwenye kona anageuka, anarudi. Mama akiwasha taa asubuhi, baba anakwenda kusimama chini yake. Anainua uso. Anafungua mdomo, anasubiri.

Nilimpigia Dokta nimweleze.

"Jana nilijaribu kumuua Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Utafiti umekwisha, matangi yanatakiwa. Nilimtia kwenye maji ya barafu, nikamtoa kabla hajafa. Mama hakukwambia kitu?"

Mama alikuwa ameniambia. Jana hiyo, jua likiwaka, baba alitetemeka mpaka midomo ikawa ya bluu.

Tangu hapo mdogo wangu hatoki mle. Shahada alishaipata. Kazi nzuri aliitiwa, akaikataa. Mchumba alisubiri, akachoka, akaenda zake, na wala simlaumu. Dokta anapima maji, anasugua kioo, anamlisha Mzee kwa mkono wake, akienda msalani anarudi mbio. Samaki wa rika lake waliobaki kwenye matangi mengine wameshazeeka wakafa. Mzee hazeeki. Na baba naye hazeeki.

Alasiri moja nilikuwa namkata baba kucha. Alikuwa hajatamka neno kwa miezi. Ghafla akanikamata mkono.

"Mwambie anitoe," akanong'ona.

"Akutoe wapi, baba? Uko nyumbani."

Akazungusha macho taratibu, ukuta hadi ukuta. "Kioo, mwanangu. Kila upande kioo."

Niliogopa, jamani, na bado naogopa.

Kesho yake nilikwenda kule. Nikamwambia Dokta aende akaoge, apumzike, mimi nitabaki na Mzee. Alinitazama, macho yameingia ndani. Akautazama wavu mdogo ukutani. Akatoka.

Nikabaki mimi na yeye. Mzee akaja mbele. Hakukimbia. Nikaingiza wavu. Akaingia mwenyewe. Nikauinua. Maji yakachuruzika. Mdomo ukafunguka. Ukafumba. Ukafunguka. Machozi yalikuwa yananitoka, sikujificha.

Simu ikalia.

"Njoo!" Alikuwa mama. "Baba yako hapumui! Anatapatapa sakafuni!"

Ningesubiri kidogo tu. Kidogo tu! Nilishindwa. Niliuzamisha wavu, nikaupindua, na kwenye simu nikamsikia baba akivuta pumzi ndefu.

Nilipofika nyumbani alikuwa kitandani, amelala kifudifudi bila shati. Mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa na alama nyekundu za vijimraba, vidogovidogo, vimepangana bila kukosea, kama nyuzi za wavu zilizombana. Nikapiga magoti. Akanivuta sikio hadi kwenye midomo yake.

"Ulikuwa umeshanitoa," akanong'ona. "Kwa nini umenirudisha?"

Dokta yuko kulekule hadi leo, na siku hizi ninampokea zamu nikishafunga gereji. Alama zile hazijafutika. Mama anazipaka mafuta kila akimwogesha, anadhani ni za kiti chake cha kamba.