Dole Gumba Mdomoni mwa Tanuri

Jumatano ya tarehe tisa Aprili, saa sita na nusu mchana, watu wakiwa bado na chakula mdomoni, tingatinga la manispaa liliubomoa mkahawa wa Kiitaliano wa pale njia panda. Hiyo ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Na usiulize kwa nini walichagua saa ya chakula. Wakubwa wakitaka kukuumiza, husubiri kwanza ushike kijiko.

Njia panda ile ndiyo ilikuwa roho ya kitongoji chote, huko mwisho kabisa wa mji ambako lami inachoka na kugeuka vumbi. Kulikuwa na vinyozi, mafundi simu, wauza viatu, na wanafunzi wanaopita wakisukumana. Tingatinga liliponguruma wote walikimbilia hapo, nusu yao simu juu, wanapiga picha. Ukuta wa jikoni ulianguka na sufuria zake. Sosi ya nyanya ikatiririka hadi barabarani, harufu ya mrehani ikachanganyika na dizeli.

Kutoka kwenye vumbi akachomoza mwanamke amekumbatia beseni kubwa. Gauni lake la buluu lilikuwa jeupe kwa unga, kitambaa chekundu kimemlegea kichwani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alikuwa mpishi wa pale. Akamfuata mwanamume wa kwanza aliyemwona amesimama bila kupiga picha.

"Nipokee!"

"Nikupokee nini, dada?"

"Beseni! Ulidhani nakupa moyo?"

Mwanamume akapokea. Alikuwa fundi mwashi, ovaroli yake imekauka udongo magotini. Alikuwa amekuja kula. Sasa macho yake yalikuwa kule ndani, kwenye tanuri la matofali lililobaki limesimama peke yake. Tingatinga lililigonga mara ya kwanza, likakataa. Mara ya pili tanuri likapasuka, na fundi akafumba macho.

"Lile tanuri nililijenga mimi," akasema.

"Mwongo. Kila mtu leo atasema alijenga kitu hapa."

"Mdomoni pake, mkono wa kulia, si kulikuwa na alama ya dole gumba?"

Mpishi akalitazama gumba lake. Alama ile aliijua vizuri. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kuni, alikuwa akiweka gumba lake mle ndani ya kile kishimo. Hakujua kwa nini. Ilikuwa tabia tu, kama mtu anavyogonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Lilikuwa lako?"

"Langu."

"Nami nilikuwa nikiweka la kwangu pale pale."

"Kumbe siku zote hizi tunashikana mikono, na hakuna aliyetuambia."

"Wewe shika beseni, fundi, usishike maneno. Unga umeumuka huo, ukianguka umekufa."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Fundi alikuwa mjane. Mkewe alifia katika hospitali ya wilaya, ile iliyofunguliwa kwa utepe na hotuba ndefu, jengo zuri lenye vigae, ila siku ile mtungi wa hewa ulikuwa mtupu na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa kwenye semina. Marehemu ndiye aliyekuwa akimkandia udongo, na ndiye aliyemfundisha kuacha gumba lake kwenye kila tanuri kabla halijakauka. "Wenye nguvu wanaandikwa majina yao kwenye mawe," alikuwa akisema. "Na wewe acha kidole chako basi." Fundi hakuacha kufanya hivyo hata baada ya kumzika.

Mpishi naye alikuwa akiishi kwa shangazi yake. Bosi wake, mzee aliyefundishwa mapishi na Waitaliano zamani alipokuwa akifanya kazi melini, alitazama kifusi chake siku mbili, kisha akahamia kwa mwanawe wa kwanza na hakutaka tena kusikia habari za kitongoji. Mpishi akabaki hana kazi.

"Binamu yangu amenipatia nafasi kwenye hoteli ya watalii," alimwambia fundi, wameketi juu ya matofali yaliyobomolewa. "Ni safari ya siku nzima kwa basi. Wananingoja mpaka mwisho wa mwezi."

"Utaenda?"

"Sitaki. Lakini siwezi kupika kila kinachoitwa chakula. Nitafutie humu mkahawa mmoja wa Kiitaliano wa maana. Mmoja tu, fundi. Nikiupata, naomba kazi, nabaki."

Fundi akainuka. Akawasha pikipiki.

Wakaanza kuzunguka. Mkahawa wa kwanza ulipambwa kwa bendera ya kijani, nyeupe na nyekundu hadi chooni. Wakaletewa tambi. Mpishi akainua uma, tambi zikakatika zenyewe.

"Hizi ni tambi au uji?"

"Zimeiva sana," fundi akamtetea mwenye mkahawa.

"Zimeiva zikapitiliza, zikazeeka, zikafa. Na hii sosi ina sukari. Twende."

Wa pili ulileta piza ya mkate wa kawaida, na jibini juu yake limekaa vile vile lilivyokatwa.

"Kaka," mpishi akamwita mhudumu kwa upole, "hili jibini linaogopa moto?"

"Dada, hiyo ndiyo ya Kiitaliano kabisa."

"Mwitaliano yupi? Mtaje tumpigie simu."

Katika wa tatu lasanya, ile tambi bapa ya kupangwa na nyama, ilikuwa ya moto pembeni na barafu katikati. Fundi alikula yote, jasho linamtoka, akasema si mbaya. Mpishi akaweka uma chini.

"Wewe ungesema si mbaya hata wangekuletea kandambili."

"Nikiwa nimekaa na wewe, kandambili nayo ina ladha."

Mpishi akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka. Tangu hapo, kila jioni fundi akishamaliza kunawa, simu ya mpishi ililia.

"Haloo, Mama Jibini."

"Sema, Baba Matofali."

"Kesho twende upande wa shule ya zamani. Nimesikia kuna mahali."

"Nimechoka, mpenzi. Tumbo langu linataka kujiuzulu."

"Umesema nini?"

"Nimesema tumbo."

"Hapana, kabla ya tumbo."

"Kata simu, vocha yako inaisha." Na hakukata mpaka vocha ikaisha kweli.

Lakini kulikuwa na barabara moja fundi hakuwahi kuipita, ile ya nyuma ya kituo cha mafuta, yenye nyumba mpya za kuta ndefu. Kila wakifika hapo alikata kona. "Huku hakuna kitu," alisema, na uso ukamkazana.

Ni shangazi aliyelipua bomu, akipepeta mchele na wala hana habari.

"Mbona mnahangaika? Si kuna mkahawa wa Diwani kule nyuma ya kituo cha mafuta? Watu wanausifia. Wanasema piza yake inatoka kwenye tanuri la matofali."

Mpishi akavaa gauni lake la njano, lile la mikono mifupi, akajipaka mafuta, akaenda peke yake. Alitaka awahi kupata kazi ndipo ampigie fundi amshtue kwa furaha. Bado siku tatu mwezi uishe.

Piza ilikuwa nzuri. Chini ngumu, kingo zimevimba, jibini limelegea. Akaomba kuona jiko. Diwani mwenyewe alikuwepo, kijana wa suti ya kijivu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Huyu ndiye aliyeshika kipaza sauti kutangaza kwamba mkahawa wa njia panda uko ndani ya eneo la barabara. Ukuta wa mkahawa wake mwenyewe ulikuwa karibu na barabara kuliko ule, lakini tingatinga lina macho yake.

"Karibu mama, karibu. Mpishi wa njia panda? Nafasi ipo! Anza kesho."

Mpishi hakumsikia. Alikuwa ameinama mdomoni mwa tanuri. Mkono wa kulia, kwenye udongo uliokauka zamani, kulikuwa na dole gumba.

Akatoka nje, akapiga simu.

"Gumba lako nimeliona."

Upande wa pili likasikika koleo likianguka.

"Fundi, nakuuliza. Ulijua kuna tanuri zuri humu humu, ukanizungusha nile uji wa tambi wiki mbili nzima?"

"Diwani aliniambia ni la nyumbani kwake, la watoto. Sikujua atafungua biashara. Nilipojua nikaona aibu. Tanuri langu moja limeua lingine."

"Sikuulizi habari za matanuri! Nauliza kwa nini umenichagulia. Nimekuambia nikikosa kazi nasafiri. Ukanificha hii."

"Kwa yule? Upike kwa yule aliyekuvunjia jiko ukiwa na kiatu kimoja?"

"Kiatu ni changu! Mguu ni wangu! Ningekataa mwenyewe. Au ningekubali, pia mwenyewe. Wao wanaamua juu yetu bila kutuuliza, na wewe vile vile. Tofauti yako na Diwani ni suti tu."

Akakata. Fundi akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa. Maneno yale yalimuuma kuliko jiwe likimwangukia mguuni. Maisha yake yote alikuwa akiwalaani watu wanaofunga stoo na kuondoka na ufunguo, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amemfungia mtu mlango.

Mpishi, kwa hasira, akaanza kazi kwa Diwani kesho yake. Siku ya kwanza alipika akinyamaza. Siku ya pili Diwani aliingia jikoni anasugua mikono, nyuma yake vijana wawili wamebeba kibao kikubwa.

"Mama, leo tunatundika hiki. Wageni wakiuliza, sema mkahawa wa njia panda umehamia hapa. Tena tabasamu, kuna mwandishi wa habari anakuja."

Kilikuwa kibao cha jina cha mkahawa uliobomolewa. Kimepanguswa vumbi, ila pembe moja bado ina doa la sosi ya nyanya.

Mpishi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Leteni hicho."

"Tunakitundika juu ya mlango, mama."

"Nimesema leteni. Mmevunja nyumba, mkala na jina lake? Hata fisi huacha mifupa."

"Huwezi kuondoka, wageni wako njiani!" Kwa mara ya kwanza Diwani hakucheka.

"Wapikie wewe. Una tanuri zuri, limejengwa na mume wangu."

Lilimtoka tu hilo neno, na hakulirudisha. Akakibeba kile kibao mgongoni, kizito kama mlango, akapita nacho barabara nzima ya kuta ndefu, gauni la njano limelowa jasho. Walinzi wa mageti wakampisha.

Alimkuta fundi nyuma ya nyumba yake, amejaa udongo hadi nyusi. Mbele yake kulikuwa na tela kuukuu la gari, na juu ya tela tanuri dogo la matofali, linafuka moshi kwa moto mdogo wa kulikausha. Karibu na mdomo palikuwa na udongo mbichi, ameupaka muda ule ule.

Mpishi akatua mzigo. Wakatazamana.

"Sikujenga ili urudi," fundi akaanza. "Nilijiambia ukitaka kwenda hotelini, siku ukirudi utalikuta limekamilika. Ukitaka kwenda kwa Diwani, nitaliuza. Ukitaka kulivuta hadi mwisho wa dunia, lina magurudumu. Sikuchagulii."

"Basi ndio unaomba msamaha hivyo?"

"Naomba. Nilikosea, mpenzi. Nilikuficha njia kwa sababu niliogopa utaipita."

Mpishi akainama kutazama mdomo wa tanuri. Gumba la fundi lilikuwapo, mkono wa kulia. Pembeni yake udongo umelainishwa, hauna kitu.

"Hapa umesahau?"

"Nimeacha nafasi."

"Ya nani?"

"Kama haitakiwi, naiziba."

"Fundi! Unanichumbia kwa udongo?"

"Pete utaivua kila ukikanda unga. Hii haivuliki."

Mpishi akasonya, macho yamejaa machozi. Akapangusa gumba lake kwenye gauni la njano, akalibonyeza kwa nguvu zake zote, akalishikilia hapo kama anayeogopa udongo utabadili mawazo. "Haya. Kampe shangazi habari mwenyewe, mimi naona haya."

Binamu alipigiwa simu aambiwe nafasi ampe mwingine. Tanuri lilipokauka sawasawa, wanaume wa mtaani wakalisukuma tela hadi njia panda, juu ya kifusi kile kile. Barabara yenyewe haikuwa imejengwa. Hakuna hata kokoto moja iliyokuwa imeshushwa. Kibao kikafungwa kwa waya, doa lake la sosi likaachwa. Mpishi alivaa gauni la buluu na kitambaa chekundu, safari hii na viatu viwili. Piza ya kwanza ilipotoka, watu walinyamaza wanatafuna.

Akashuka kwenye lori askari wa manispaa, na kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Nani kawaruhusu kujenga hapa?"

"Nani amejenga?" fundi akauliza.

"Hili si tanuri?"

"Hili ni tela, afande. Tazama matairi."

"Tela halitoi moshi."

"Na lori lako je?"

Watu wakaangua kicheko. Askari akazunguka, akachungulia chini, akagusa gurudumu kwa kiatu. Akampigia Diwani, akaweka sauti kubwa ili mkubwa asikike.

"Chora alama ya kubomoa!" sauti ikafoka.

"Mheshimiwa, nikichora watalivuta waondoke na alama yangu."

Simu haikukatwa, muda wake ulikuwa unaendelea kuhesabu. Diwani alikuwapo, anapumua. Mpishi akakata kipande cha piza, akamwekea askari kwenye kiganja, naye akala, brashi imening'inia. Kisha mpishi akamsogelea, mkono mmoja umeshika mkono wa mchumba wake, akaiinamia ile simu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Hapa ukisema tuondoke, tutaondoka. Ila nikuulize: kesho asubuhi ukiamka ukatukuta tumeegesha mbele ya geti lako, hiyo rangi yako utaipaka wapi, kwenye matairi yetu au kwenye ukuta wako?"