Aliyemfuata Stanley Kutoka Austria

Wageni walipoondoka, Pudensiana alikusanya vikombe akakuta kimoja kimezidi. Waliokunywa chai walikuwa watano, vikombe vilikuwa sita. Cha sita, kilichokaa karibu na mumewe, kilikuwa bado kimejaa, na chai yake ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji, ilhali jua la Februari lilikuwa linachoma mabati ya mtaa wa Kimandolu.

"Baba Princess, hiki cha nani?"

Stanley hakusikia. Alikuwa bado ameishika albamu. Tangu kampuni za watu binafsi zianze kupeleka watalii mbugani, yeye alikuwa dereva wa mojawapo, na mgeni mmoja, Hans, alimpenda akamwalika kwao Austria wiki tatu. Miezi minne ilikuwa imepita, na kila Jumapili baada ya ibada alisimulia upya: theluji, treni, mkate mweusi, ziwa katikati ya milima. Mwezi wa tano angerudi huko. Viza ilishatoka. Ya mtu mmoja.

Pudensiana hakuwa mjinga. Mwanaume harudi safarini akaanza kulala ameelekea ukutani, anatabasamu. Alipekua mifuko, akanusa makoti. Hakukuta marashi. Alikuta harufu ya maji baridi na mawe yenye ukungu.

Jumatatu, Stanley akiwa kazini, aliifungua albamu mwenyewe. Katika picha moja mumewe alikaa kwenye benchi kando ya ziwa, mkono ameunyoosha juu ya egemeo, vidole vimekunjika kama vimeshika bega la mtu. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Ila koti lake, upande ule, lilikuwa limelowa chapachapa.

Jikoni, kiti kikavutwa.

Ile harufu ikaja ukumbini taratibu, ikampita, ikarudi, ikasimama nyuma ya shingo yake kama mtu anayetaka naye kuangalia picha, na baridi ikamshuka mgongoni hadi miguuni, kisha sauti ya kike, laini, ikamwambia kwa Kichaga kile kile cha kwao Stanley:

"Ameniambia atarudi."

Alitoka mbio bila viatu. Hakuingia ndani mpaka mumewe alipofika saa kumi na moja.

"Ni nani huyo?" alimuuliza kwa kunong'ona, pale pale getini.

Stanley alijua anaulizwa nini. "Sikutafuta mwanamke, Mama Princess. Mchana Hans na mkewe walikwenda kazini, mimi nikawa nashinda ziwani peke yangu. Siku moja mtu akanisalimia kwa Kichaga. Wiki nzima nilikuwa sijasikia neno la kwetu."

"Ukamwona?"

"Sikumwona. Nilimsikia tu."

"Mlikuwa mnaongea kila siku?"

"Kila siku."

Pudensiana akaumia zaidi kuliko kama angetajiwa mzungu mwenye jina na nyumba. "Mimi uliniandikia postikadi moja," alisema.

Kesho yake alimleta mwinjilisti Yoeli. Mzee aliomba kwa muda mrefu, kisha akamshika Stanley mabega. "Jini hili linashikilia ahadi yako. Liambie kwa kinywa chako kwamba hurudi."

 Stanley alimtazama mkewe kama anayeomba asilazimishwe.

"Sema," alisema Pudensiana. "Sema nisikie."

"Sirudi," Stanley alisema, akaanza kulia kama aliyefiwa.

Maji yakachuruzika kutoka chini ya kochi, yakakatiza sakafu ya saruji, yakafika mlangoni aliposimama Pudensiana, yakaishia hapo.

"Limetoka," alisema Yoeli, akajifuta jasho.

Kweli, Stanley alipona. Alimwandikia Hans kwamba haji tena, akaanza kula vizuri na kulala amemwelekea mkewe. Jina la Austria halikutajwa tena na mtu yeyote, mpaka siku moja mwezi wa nne, Pudensiana akiwa uani anamenya ndizi pamoja na mumewe.

"Baba Princess, kutoka stesheni mpaka ziwani ni mbali?"

Kisu cha Stanley kikasimama. "Si mbali. Kwa nini?"

 Mkewe alikuwa ameshageukia upande wa pili, palipokuwa patupu, anacheka na mtu kwa sauti ya chini, anamwambia asubiri kidogo.