Unga wa Kapsuli Mguuni mwa Bi Chiku

Bajaji ilikuwa imeshakata kona ya Mabawa. Bi Chiku amekaa nyuma, furushi la kanga mapajani, mguu wa kushoto kaunyoosha kama mwiko. Safari ya Horohoro hiyo. Mwari wake, Zuwena, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Harusi gani isiyo na somo wa kumfunda mwari?

"Bi mkubwa, mbona pananuka?" akauliza dereva, Mudathir.

"Endesha chombo! Pua yako inanihusu nini?"

Mudathir akaegesha mlangoni mwa zahanati. "Shuka. Mguu huo haufiki Horohoro."

Muuguzi Consolata akamwamkia, "Shikamoo bibi," akafungua kitambaa alichojifunga mguuni. Juu ya kidonda pamekauka gamba la njano. Alipobonyeza, usaha ukatoka.

"Umeweka nini hapa?"

"Dawa. Nilijikata nikiokota chaza. Nikapasua kapsuli za amoksilini, nikamwagia unga wake. Kwetu sote twafanya hivyo."

"Kapsuli umetoa wapi?"

"Zilibaki nilipougua kichomi. Nilipewa za siku saba, siku ya tatu nikawa mzima. Nikaweka akiba. Nyingine nikampa mume wangu, Mselem, ana mafua."

"Kumbe una duka la dawa!" Consolata akacheka, kisha akakaza uso. "Bibi, kapsuli humezwa, haimwagwi kidondani. Unga umefunika usaha ndani. Mafua hayaponi kwa amoksilini. Na ukikatisha dozi, vijidudu sugu hubaki. Siku ukiugua kweli, dawa haifui dafu."

Bi Chiku akautazama mguu. "Harusini nitasimama?"

"Ukisikia, utasimama."

Akamsafisha kidonda, akamchoma sindano ya kinga ya pepopunda. Tabibu akamwandikia dawa nyingine ya kumeza, ya jamii ya penisilini, inayofaa kidonda.

"Penisilini haijawahi kukuletea vipele?" akauliza Consolata.

"Haijawahi."

"Ukivimba uso au pumzi ikibana, acha dawa, uje mbio. Haya, ukijiona mzima siku ya tatu?"

"Nameza."

"Ya nne?"

"Nameza mpaka ziishe, we mtoto! Somo mzima, leo nafundwa mimi!"

Bi Chiku alimaliza dozi Jumatano, Alhamisi akaenda Horohoro. Zuwena aliolewa, somo wake kasimama pembeni kwa miguu miwili. Kapsuli za akiba zilirudishwa zahanati. Mafua ya Mselem yaliisha yenyewe. Consolata alihamia Chumbageni. Mudathir bado anaendesha bajaji. Jirani mmoja angali anamwagia vidonda unga wa kapsuli, na Bi Chiku hapiti mlangoni kwake bila kumkemea.