Fundi Asiyetaja Bei

Jioni Darweshi aliiacha kabureta ya lori lake vipande vipande juu ya gunia. Asubuhi akaikuta imefungwa, safi, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, tena iko mahali pake kwenye injini.

Mtu mwingine angesema alhamdulillahi, akanywa chai. Darweshi si mtu mwingine. Huyu ni bwana anayekagua nyama kwenye sufuria kabla mkewe hajaifunika. Alilizunguka lori, akachungulia chini yake, akanusa. Palinuka ubani, na ndani ya ubani ule, nywele zilizoungua.

"Kosgei," akasema. "Ni Kosgei tu huyu."

Lori lenyewe alilitoa kwenye shamba la mzungu kule Ndabibi, ambako lilikuwa limelala miaka mingi chini ya migunga, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Lilikokotwa mpaka Bondeni, Nakuru, likawekwa uani, na mtaa mzima ukaja kucheka. Kosgei, fundi mwenye gereji karibu na stesheni, yeye hakucheka. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa mbio kama aliyegusa jiko.

"Hili niachie mimi na vijana wangu," alisema. "Gari lililolala porini halifunguliwi ovyo. Sisi huchinja kuku kwanza."

"Mchinje kuku, mle, mshibe, halafu mniibie giaboksi mniwekee ya kwenu mbovu! Nawajua nyinyi. Nitalitengeneza mwenyewe."

Mkewe Kadija alimvuta kando. "Baba Samsam, hata ile baiskeli ulipoitengeneza nati zilibaki mfukoni. Mpe fundi kazi yake."

"Zilikuwa za ziada," Darweshi akasema.

Sasa mbele ya kabureta hii aliona mambo wazi kabisa: Kosgei anaingia kwa siri, anafanya kazi ambayo hakuombwa, kesho aje kudai ujira mbele ya watu. Akafunga geti kwa mnyororo. Kesho yake akakuta breki zimekazwa. Akamwaga majivu uani ili anase nyayo. Rejeta ya maji iliyokuwa ikivuja ikazibwa, na majivu hayakuwa hata na alama ya paka.

"Mwizi mkubwa huyu," akanong'ona.

"Mwizi gani anatengeneza badala ya kuchukua?" Kadija akauliza, kanga ameibana puani kwa ile harufu.

"Mwizi mjanja."

Ikafika adhuhuri moja, jua limesimama, mtaa umenyamaza, na Darweshi, aliyejificha nyuma ya pipa la maji, akasikia spana ikikaza nati chini ya lori, kri, kri, polepole kama mtu asiye na haraka yoyote duniani, na pamoja nayo mluzi mwembamba usiopanda wala kushuka, ukaendelea na kuendelea bila mpigaji kuvuta pumzi. Akainama kuchungulia. Hapakuwa na miguu. Kulikuwa na kivuli tu, cheusi kuliko kivuli cha lori.

Mwenye akili angekimbia. Yeye akajipiga kifua.

"Haya, fundi! Nimekukamata. Sasa maliza kazi. Bei tutaelewana."

Nani Nakuru hasemi hivyo? Unamwita mtu aezeke paa, unamwambia tutaelewana, mkimaliza mnagombana kidogo, mnacheka, mnalipana. Lakini hayo ni ya watu na watu. Spana ikanyamaza. Sauti laini ikamjibu, na haikutoka chini ya lori. Ilitoka nyuma ya sikio lake.

"Tutaelewana, tajiri."

Kufikia alasiri injini ilinguruma, na Darweshi akawapungia mkono majirani kama gavana. Kufikia magharibi Kadija alikuwa ameanguka jikoni. Shingoni alikuwa na alama za vidole, vyeusi, vya grisi, na kila zilipofutwa zilirudi.

Wakamwita Maalim Dualeh, msomaji wa msikitini. Kosgei naye akaja, akasimama mlangoni. Maalim akafukiza, akasoma, akamnyunyizia maji mgonjwa, hata kinywa cha Kadija kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nilikuwa nakaa kwenye injini. Ukaja kufungua nyumba yangu bila hodi. Sikugomba, nikakufanyia kazi. Ujira wangu ni lori. Nirudi nalo Ndabibi."

"Mpe," Maalim akanong'ona. "Sema ndiyo tu, atatoka."

Darweshi akamtazama Maalim. Akamtazama Kosgei. Akamtazama mkewe aliyelala. Watu watatu, na lori moja linalonguruma vizuri! Akatabasamu kwa ule ujanja wake uliokuwa ukimponza.

"Mmepanga vizuri," akasema. "Lori sitoi."

"Basi nitabaki kwenye nyumba hii," ile sauti ikasema, na mkono wa Kadija ukagonga kifua cha Kadija. "Mwenyewe atahamia kwangu."

"Hama! Hamia hata ikulu!"

Maalim alifunika msahafu wake. "Umekubali kwa mdomo wako," akasema, akavaa viatu.

Asubuhi Kadija aliamka mzima. Alikunywa uji wa moto kwa kiganja, akaenda uani, akaingia chini ya lori. Darweshi akamfuata akicheka. "Si nilisema? Njama tupu. Toka huko, mama."

"Niache nifanye kazi, tajiri."

Kadija hakuwahi kumwita tajiri. Kicheko kikamkauka. Na hapo, ndani ya boneti, kwenye injini iliyozimwa tangu jana, mtu akakohoa.

"Baba Samsam," sauti ya mkewe ikalia, ndogo, kama iliyofunikwa kwenye kopo. "Nitoe. Huku kuna moto."

Akafungua boneti. Chuma kitupu, na harufu ya mafuta ya nazi anayopaka Kadija. Akatia spana kwenye nati ya kwanza, akaizungusha nusu, na ndani kukapigwa yowe la mtu anayevunjwa kidole.

Alipogeuka Kosgei alikuwa getini. Darweshi akamnyooshea spana. "Fundi, wewe ndiye unajua. Ifungue wewe. Lete vijana wako wote. Chukua lori, chukua chochote!"

Kosgei akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kazi hii umeshampa mtu," akasema.

Na kutoka chini ya lori ukajitokeza mkono wenye hina, kiganja wazi, ukingoja kupewa spana.